Kilichokosekana ni tarumbeta, si zilipendwa

Msimu wa korosho uliopita bendi moja kongwe ya dansi ilishuka kusini kutoka Dar es Salaam. Ikapiga Lindi, ikapiga Mtwara, ikamalizia Masasi. Ziara ilikuwa ya kunadi albamu mpya na mabango yalisema hivyo waziwazi, ingawa picha iliyobandikwa ilikuwa ya miaka hiyo na nusu ya waliomo wameshatangulia mbele ya haki. Jina la bendi naliacha, maana ugomvi huu ungeweza kuihusu yoyote kati ya zile chache zilizobaki.

Tangu hapo vijiwe vya kahawa hapa Mtwara mjini havielewani. Kundi kubwa linasema limeibiwa: watu walitoa kiingilio wakitaka zilipendwa, wakapigiwa nyimbo mfululizo wasizozijua hata kiitikio. Kundi dogo linasema bendi iliyo hai lazima iimbe ya leo. Mimi nimo kwenye hili dogo. Hata hivyo wenzetu wana hoja, na si za wazee waliogoma kubadilika kama wanavyosingiziwa na vijana wa singeli.

Wanasema Mtwara si Dar. Kule mpenzi wa dansi anaifuata bendi yake wiki hadi wiki. Wimbo alioukosa leo ataupata Jumapili ijayo. Huku bendi inakuja minada ya korosho ikishafunguliwa na pesa zikishaingia benki, basi. Mwaka ambao malipo yamekwama haiji kabisa. Anayekumbuka msimu wa 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakapewa kazi ya kuzisomba na wakulima wakabaki kungoja uhakiki, anajua kuwa mtu hatoki kwenda dansini akiwa na stakabadhi mfukoni badala ya noti. Kwa anayeiona bendi mara moja kwa mwaka, kila wimbo mpya unaopigwa unakula nafasi ya wa zamani ambao hatausikia tena mpaka korosho nyingine. Hapo siwezi kubishana nao.

Tena kuna suala la redio, ambalo kundi langu hulipita haraka mno. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam redio ilikuwa moja, na ndiyo iliyozirekodi bendi na kuzirusha. Wimbo mpya uliingia Nachingwea na Newala kabla ya waliouimba. Bendi ilipofika, watu walikuwa wameshaukariri. Kuanzia 1994 zilipokuja redio binafsi mambo yakageuka, na leo dansi limesukumwa kwenye vipindi vya kumbukumbu, ambako kwa maana yake hasa wimbo mpya hauna nafasi. Kwa hiyo msikilizaji wa Mtwara anakutana na wimbo mara ya kwanza ukumbini, spika zinaunguruma na nusu ya maneno hayasikiki, halafu tunamlaumu kwamba hakuupenda.

Sasa upande wa pili.

Hao wanaodai zilipendwa wajiulize zilipatikanaje. NUTA Jazz ilianza 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo tunaiita Msondo Ngoma. Mwimbaji Muhidin Gurumo alikuwamo tangu mwanzo, akiwa amepitia Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, jina ambalo watu wa mkoa wa Lindi wana haki ya kulitaja kwa kujidai. Mwaka 1978 akatoka kwenda kuianzisha Mlimani Park, yaani Sikinde. Hakwenda kuishi kwa nyimbo za bendi aliyoiacha. Walikaa chini wakatunga. Katikati ya miaka ya 1980 akahamia Orchestra Safari Sound, wakatunga tena, na mtindo mpya wakauita Ndekule. Kila hama ilikuwa na nyimbo zake, na kila mara waliokwenda ukumbini walisikiliza vitu ambavyo jana havikuwapo. Kama wapenzi wa 1978 wangekuwa na masharti yetu, Sikinde isingefika hata mwaka wa pili.

Wala hakukuwa na aibu ya kuitupa ya jana. Bendi ya Vijana Jazz walikwenda na mtindo wa Takatuka, baadaye Pamba Moto, kisha Saga Rhumba. Bendi ya Maquis walikuwa na Kamanyola, wakaja na Ogelea Piga Mbizi. Mtindo ulipochoka ulizikwa na mwingine ukabatizwa, na bendi iliyong'ang'ania ule wa zamani ilichekwa. Wimbo ulipelekwa kwanza kwa wachezaji, ukapigwa usiku baada ya usiku. Ubeti uliolala ukakatwa, chemko, ile sehemu ya mwisho inayokwenda kasi, lililowainua watu vitini likarefushwa. Walipoingia studio ya redio walipiga wote kwa pamoja, kwa hiyo ilibidi waujue kama njia ya kwenda nyumbani. Tunachokiita leo ladha ya zamani ni kazi ya wachezaji wa wakati ule waliokubali kusikilizishwa kitu kibichi. Sisi tunataka kula kilichoiva tu na hatutaki kukaa jikoni.

Kuna jambo moja katika mjadala huu ambalo naona halipewi uzito, nalo ndilo linalonikosesha raha: mwimbaji kijana. TX Moshi William, mwimbaji wa Msondo, alifariki Machi 2006. Gurumo akafuata Aprili 2014. Mwimbaji mwenzao Shaaban Dede, Julai 2017. Nafasi zao jukwaani zimejazwa na watu wengine, wengine wao wana sauti nzuri kweli. Mpe kijana huyo miaka 15 ndani ya bendi kongwe inayopiga zilipendwa peke yake. Atafanya nini? Ataimba beti za marehemu kwa sauti ya marehemu, na akijaribu kuweka pumzi yake mwenyewe mahali pasipo pake atazomewa kwamba anaharibu. Siku akistaafu hatakuwa na wimbo hata mmoja unaoitwa wake. Kisheria nako utunzi si wake: hakimiliki ya Tanzania humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo haki ya utunzi wa zile za zamani ni ya watunzi na warithi wao, kama inavyostahili. Yeye anabaki na kutunzwa, noti mbili tatu alizobandikwa kwenye paji la uso akiuimba wimbo wa mtu mwingine. Njia pekee ya kumiliki kitu katika kazi aliyoichagua ni atunge, na atunge kwenye bendi inayokubali kupiga alichotunga mbele ya watu. Albamu mpya tunayoikejeli vijiweni ndiyo hati yake ya shamba.

Na tukishamnyima hiyo, ataondoka. Atakwenda kwenye bendi ya hoteli kupiga kopi, yaani nyimbo za wengine, ambako malipo hayachelewi na hakuna anayemlinganisha na mtu. Bendi kongwe itabaki na jina na vyombo. Hapo ndipo hoja ya zilipendwa inapojila yenyewe: kama tunachotaka ni nyimbo zile zile, bila pungufu na bila nyongeza, bendi yoyote ya kopi ya hapa hapa mjini itatupigia kwa bei ndogo na bila kungoja minada. Kwa nini basi tuisafirishe bendi nzima kilomita 560 hivi kutoka Dar?

Kwa wenzetu wa Ulaya ugomvi huu upo vilevile. Rolling Stones, kundi la rock la Uingereza lililoanza 1962, walitoa Hackney Diamonds Oktoba 2023, albamu yao ya kwanza ya nyimbo zao wenyewe mpya tangu 2005, miaka miwili baada ya kifo cha mpiga ngoma wao Charlie Watts. Mick Jagger alikuwa ameshatimiza miaka 80. Mwaka 2024 wakazunguka Marekani na Canada kwa jina la albamu hiyo, na mdhamini wa ziara, msicheke, alikuwa AARP, chama cha Wamarekani wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Hata hivyo nyimbo mpya zilizopigwa kila usiku zilikuwa chache. Sehemu kubwa ilikuwa ya miaka ya 1960 na 1970, na bado mashabiki waligawanyika, wengine wakiona mpya zimezidi, wengine zimepungua. Kundi langu hupenda kulitaja hili kama ushahidi. Mimi naona linasaidia nusu tu. Rolling Stones wakipiga ya zamani au mpya, vyombo vyote vipo jukwaani, wapulizaji wamo. Sisi hatukuwa na hilo, na hapa ndipo naachana na makundi yote mawili.

Aliyekuwapo usiku ule akumbuke jukwaa lilivyokaa. Magitaa ya solo, rizimu na besi, drams, tumba, waimbaji wanne, kinanda. Tarumbeta hakuna. Saksofoni, ile tuliyozoea kuiita domo la bata, hakuna. Sehemu zao zilipigwa na vidole viwili vya mpiga kinanda, kwa ile sauti ya plastiki inayojifanya shaba. Nyimbo mpya zikasikika nyembamba, watu wakasema: mmeona, mpya hazina kitu. Lakini baada ya saa sita usiku zilipoanza zilipendwa zenyewe, nazo zilisikika nyembamba vilevile! Ule mlipuko wa tarumbeta unaomwambia mchezaji kwamba sasa chemko linaingia ulikuja kama kengele ya simu. Nilitazama meza za wazee wachache waliokuwa wamebaki, hawakunyanyuka. Wimbo ule ule uliowafanya wachumbie haukuwainua. Kama kosa lingekuwa upya wa nyimbo, wangenyanyuka.

Kwa nini wapulizaji hawakuja? Gharama. Bendi nyingi za zamani zilikuwa za waajiri: chama cha wafanyakazi, umoja wa vijana, jeshi, shirika la umma. Vyombo vilinunuliwa na mwajiri na mwanamuziki alilipwa mshahara, ukumbini watu wakijaa wasijae. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 safari ya kusini ilikuwa kungoja kivuko Rufiji, na masika barabara ilikuwa haipitiki. Hata hivyo bendi ilipofika, mishahara ya wapulizaji haikuwa ikitoka kwenye ndoo ya mlangoni ya usiku mmoja. Leo ndiyo inatoka humo. Tuseme watu 18 pamoja na fundi mitambo. Nauli, chakula, kitanda kwa siku kadhaa, kila mmoja. Ukiwaacha Dar wapulizaji watatu umeokoa sehemu moja ya sita ya gharama hizo, na mpiga kinanda ulikuwa naye tayari. Kiongozi wa bendi anayefanya hesabu hiyo si mhuni, anajaribu kurudi nyumbani bila deni. Ila matokeo yake tuliyasikia.

Bendi nayo haijatoka safi. Baadhi ya nyimbo za albamu ile zimejaa majina ya watu waliozichangia, mfanyabiashara huyu, mheshimiwa yule, mpaka unasahau hadithi ilikuwa ya nani na kaachwa na nani. Dansi lilikua kwa visa: barua, talaka, mwenye nyumba, mtoto aliyepotea mjini. Orodha ya wafadhili haiimbiki, na msikilizaji wa Tandahimba asiyemjua hata mmoja wao ana haki ya kukaa kitako. Kwenye nyimbo tatu nne zilizobaki na visa, hasa ule wa binti anayerudishiwa mahari, watu walianza kuitikia kufikia ubeti wa tatu. Wapinzani wanasahau kulisema hilo.

Mpangilio nao ulikuwa wa kijinga. Zilipendwa ziliwekwa mwisho, kama kawaida ya Dar ambako ukumbi hujaa saa tano. Hapa wenye umri wao huingia saa mbili na kuaga saa sita, maana anayekwenda Mikindani au Naliendele baada ya hapo anabembelezana na bodaboda. Wengi waliolipa kwa ajili ya zilipendwa waliondoka kabla hazijapigwa, na wengi waliobaki ni vijana ambao hawakuwa na haraka na lolote. Manung'uniko mengi ninayoyasikia vijiweni yametoka kwa watu walioiona nusu ya kwanza tu. Zichanganywe tangu mwanzo, mbili za zamani na moja mpya, na mpya ipigwe kati ya zile mbili watu wakiwa tayari wamesimama. Hilo halihitaji hata shilingi.

La tarumbeta linahitaji. Mapromota wetu wakiandika mkataba huandika malipo ya awali, saa ya kuanza na idadi ya vyumba vya kulala. Msimu huu waongeze mstari: tarumbeta mbili na saksofoni moja, wapigaji wake waletwe, si kinanda. Kiingilio kitapanda kwa hilo, na sisi tunaojiita wapenzi wa dansi itabidi tulipe bila kuanza kumtafuta mlangoni ndugu yetu anayemjua promota.