Divisheni foo haizeeki

Mtu akikwambia elimu haina mwisho, muulize kwanza mwanzo wake alipata divisheni ngapi. Mwanzo wangu mimi ni divisheni foo, daraja la mwisho kabla ya sifuri, ya pointi 28, kidato cha nne, mwaka 2000. Tangu hapo nimehama nyumba, nimebadilisha simu, nywele zimeondoka zenyewe bila kuaga, lakini ile foo iko palepale, ina afya njema, haijaota hata mvi.

Nina miaka 43. Nina bucha hapa Pasua, Moshi. Na nataka kuwa daktari. Usicheke, wenzako wameshacheka mpaka wamechoka, siku hizi wananunua nusu kilo yao kimyakimya wanaondoka.

Chanzo ni presha. Nilikwenda kupima kwenye zahanati moja hapa mjini, naingia kwa dokta, kumbe ni kijana ambaye ningewahi kuoa kidogo tu angekuwa mwanangu wa kwanza. Kanipa shikamoo, kanifunga ule mkanda mkononi, kaujaza upepo, kaangalia, kaguna. "Mzee wangu, punguza nyama nyekundu." Mimi! Mtu mwenye ng'ombe mzima ananing'inia kwenye kulabu! Nikamuuliza nipunguze kula au nipunguze kuuza. Akasema kula, kuuza endelea tu. Halafu akaandika kitu kwa mwandiko ambao zamani zetu ungekutoa darasani ukang'oe visiki.

Dakika tano hazikufika, nimeshalipa, niko nje. Njia nzima najiuliza, hivi huyu dogo kanizidi nini? Koti jeupe ninalo, tena langu bwana afya huwa anakuja kulikagua. Kisu ninacho, na kinakata. Moyo wa ng'ombe una vyumba vinne, wa binadamu vinne. Figo mbili kwa mbili. Ini lenye minyoo nalitambua kabla mkaguzi hajafika na mhuri wake. Tofauti ni moja tu, wateja wangu wa kwenye kulabu hawaulizi dawa wanywe kabla ya kula au baada.

Na ukitaka kujua mimi na udaktari tuliandikiwa: hospitali yetu kubwa hapa Moshi, KCMC, ilifunguliwa mwaka 1971, hapo sikuwepo, sawa. Lakini chuo cha udaktari cha palepale kilianza 1997, na mwaka huohuo ndiyo mimi naingia kidato cha kwanza. Tumeanza pamoja! Chenyewe kimetoa madaktari, mimi nimetoa steki na mchanganyiko.

Basi nikaenda steshenari, jirani na stendi, kuna dogo pale anawajazia watu maombi ya vyuo. Kanikaribisha vizuri, kanipa kiti. "Mtoto amepata divisheni ngapi, mzee?" Nikamwambia mtoto ni mimi. Akaniangalia, akaangalia mlangoni labda kuna mtu wangu wa kunirudisha nyumbani. Hakumwona. Akafungua kompyuta, akafika pale pa mwaka wa kuzaliwa, akaanza kuteremsha. 2008, 2007, 2006. Akateremsha. Akabadilisha kidole. Tulipofika 1982 kulikuwa na foleni nyuma yangu, na wote walikuwa wanasoma skrini yangu kwa sauti.

Masharti yenyewe sasa. Anayetoka kidato cha sita anatakiwa awe na prinsipo, yaani ufaulu kamili wa kidato hicho, za Fizikia, Kemia na Biolojia. Kidato cha sita mimi nimekiona kwa shemeji. Nikataka kunyanyuka, dogo akanishika bega. "Subiri mzee, kuna njia nyingine." Kumbe ipo, na imeandikwa kabisa kwenye mwongozo wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu. Unasoma kwanza diploma ya utabibu, miaka mitatu, unatoka na wastani wa B au GPA ya 3.0, ndipo unaomba udaktari. Na kuingia kwenye hiyo diploma wanataka D ya Kemia, D ya Biolojia, D ya Fizikia, na D ya somo lingine lolote lisilo la dini.

Jamani, D! D ninazo! Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho shuleni kwa jumla na rejareja! Miaka yote hii nimezificha chini ya godoro nikidhani ni aibu, kumbe ni akiba.

Lakini dogo akaendelea kuteremsha. Watu wanaoandika masharti hawajui kuishia pazuri. Ukija kuomba udaktari kwa kutumia hiyo diploma, wanarudi tena kwenye cheti chako cha kidato cha nne kutafuta D za Kemia, Biolojia, Fizikia, Kiingereza. Na Hisabati.

Hisabati nina F. Na siyo ile F ya kuumwa malaria siku ya mtihani, hapana. Ni F ya mtu mzima, niliyoipata nikiwa na afya yangu timamu.

Nikamwambia dogo anijumlishie miaka, maana kama nilivyosema, nina F. Novemba nirisiti Hisabati. Nikifaulu, diploma miaka mitatu. Udaktari miaka mitano. Halafu mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitali chini ya uangalizi kabla hujaachiwa mgonjwa. Nitakuwa na miaka 53. Mkopo wa elimu ya juu mwisho miaka 35, umri ambao mimi niliuvuka nikichoma mishikaki. Matangazo ya ajira serikalini yanasema mwombaji asizidi miaka 45. Yaani chuo hakiniulizi umri kabisa, kiungwana kweli, ila kila anayeshika pesa anauliza. Akaja mzee mmoja pale kwenye foleni akanitia moyo, akasema daktari bingwa analazimika kustaafu kwa miaka 65 badala ya 60. Nikamshukuru. Ila nitastaafu kutoka wapi, na ajira yenyewe sijaipata?

Habari za jina sitaki hata kuzisimulia. Cheti cha shule kina herufi moja, kitambulisho cha taifa kina nyingine, cheti cha kuzaliwa kina ya kwake. Nimekula kiapo mbele ya wakili kwamba watu wote watatu ni mimi. Pesa ya kiapo ilikuwa ya kilo kadhaa za steki. Tuendelee.

Pale bucha mambo yakavuja, na sijui nani kavujisha, ingawa nyumbani tuko wachache. Mama mmoja, mteja wangu wa supu wa siku nyingi, akasimama mbele ya kioo, mikono kiunoni. "Mangi, nasikia unataka kupasua watu. Mimi ukinipasua wewe si utanirudishia na mfupa wa kuongezea uzito?" Foleni nzima chini kwa kicheko. Mwingine akadakia kwamba mgonjwa akizinduka atadai nyongeza. Mama watoto naye, ambaye nilimtegemea, akasema hana neno, nisome tu, bora nisianze kuandika bei kwa ule mwandiko.

Tuisheni nikajiandikisha kwa mwalimu mmoja anayefundisha jioni, Majengo. Nikatoka kazini moja kwa moja, nimechelewa, daftari kwapani, na koti langu jeupe sijalivua. Naingia mlangoni, watoto zaidi ya thelathini wakasimama kwa pamoja: "Shikamoo mwalimu!"

Sasa wewe ungefanyaje? Nikasema marahaba, kaeni. Wakakaa. Nikabaki nimesimama mbele, nao wananitazama, na mmoja wa mbele akanipa chaki. Ingekuwa Biolojia ningeanza, wallahi, ningewachorea maini. Bahati mwalimu mwenyewe akaingia, kijana wa jinzi, kibegi mgongoni, naye akaniona na koti akanipa shikamoo, akauliza kama nimetumwa na bwana afya kukagua choo. Tangu siku hiyo nakaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, na watoto wananiita Dokta. Wao wananitania. Mimi naitika kwa moyo wote.

Somo lenyewe bado tunatafutana. Maswali ni ya Kiingereza, hasira zangu ni za Kiswahili. Logarithimu sijui alizikosea nini binadamu mpaka tukalipizwa. Lakini siku tuliyofika hesabu za biashara nikajua hapa ndipo kwangu. Swali likasema mfanyabiashara amenunua mzigo kwa bei hii, ameuza kwa bei ile, tafuta faida. Darasa zima likatoa likapata jibu mara moja. Mimi nikanyoosha mkono.

Nikamuuliza mwalimu, usafiri kutoka machinjioni kalipa nani? Mkaguzi amelipwa? Maana nyama ikining'inia usiku inakauka inapungua uzito, asubuhi huuzi kilo zile ulizonunua jana. Na hapo kuna jirani amechukua kilo mbili kwa mkopo tangu Pasaka, ukimdai anakuuliza habari za watoto. Swali halijasema lolote kuhusu jirani! Mwalimu akasema tuchukulie hayo hayapo. Nikamwambia kama hayo hayapo basi huyo siyo mfanyabiashara, ni mtu wa kwenye vitabu. Nikaandika faida ninayoijua mimi, ambayo ilikuwa hasara ndogo. Akanikosesha. Niliyekaa kwenye biashara miaka yote nimekosa, mtoto ambaye hajawahi kuuza hata karanga kapata vema ya wino mwekundu. Ndipo nikaelewa kwa nini Hisabati ndilo somo linaloangusha watoto wengi kuliko yote nchi hii. Tunalijua kupita kiasi.

Na wamepanga mtihani Novemba makusudi. Mwezi unaofuata Wachaga wote duniani wanarudi nyumbani, kila boma linataka mbuzi, kila shemeji anataka kidari na damu ya kisusio, ile supu yetu, na mimi ndiyo mwezi wangu wa kuishi. Mtu ananipigia simu kutoka Dar kuweka oda ya Krismasi, nami nimeshika daftari natafuta x. Nimemwambia asubiri kidogo. Kakata, kampigia jirani yangu, yule asiyesoma.

Lakini hayo yote yana nafuu. Tatizo langu kubwa hivi sasa liko mezani nyumbani. Binti yangu naye yuko kidato cha nne, Novemba hiihii, mtihani uleule. Yeye namba yake inaanza na S, ya shule. Yangu inaanza na P, ya kujitegemea. Na watahiniwa wa kujitegemea wanafanyia mitihani mashuleni humuhumu, kwa hiyo unachagua kituo. Juzi akaja taratibu, kaniletea chai bila kuombwa, nikajua kuna kitu.

"Baba, kituo umeshachagua?"

"Bado, mama."

"Chagua Boma Ng'ombe, baba. Ni kuzuri. Kuna utulivu."

Boma Ng'ombe! Wilaya nyingine kabisa! Nikamwambia nimefikiria, lakini nauli ya kwenda na kurudi haiingii akilini wakati shule yao iko hapa, naenda kwa mguu. Akanyamaza. Akakaa. Akasema basi sawa, ila siku ya Hisabati tusiingie getini pamoja, nisimwite jina la nyumbani mbele ya wenzake, na lile koti libaki bucha.

Nimekubali yote. Ninachogoma ni mkebe. Mkebe wa hesabu humu ndani ni mmoja, nimeununua mimi kwa pesa ya utumbo, na yeye anadai bikari ni yake na mimi nichukue rula.