Mwacheni msomaji asomewe kitabu chake

Kuna kauli nimeisikia majuzi barazani, hapa Nyegezi, Mwanza, na mpaka leo imenikaa kooni: eti anayesomewa kitabu na mashine hasomi, anajidekeza. Aliyesema ni mtu mzima, msomaji mzuri, na ninamheshimu. Pale nilinyamaza kwa sababu tulikuwa ugenini. Leo namjibu.

Shangazi yangu alifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka akastaafu. Kiharusi kimemwachia mkono wa kushoto tu, na huo nao hauna nguvu. Mwanawe akamletea Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, gramu mia mbili na ushei, tukaamini shida imekwisha. Haikwisha. Kukiegemeza kifaa kwenye mto anaweza. Kazi ni kugeuza ukurasa. Anakisogeza kidole gumba taratibu, anagusa kioo, kimya. Anagusa tena, kinaruka kurasa mbili. Kurudi nyuma ni jasho lingine. Mtu aliyezoea kumaliza riwaya kwa siku mbili sasa anatumia nguvu zake zote kutafuta alipoishia.

Nilipomsogelea nimgeuzie, alinizuia. "Mwanangu, sitaki unihurumie. Nataka ukurasa ugeuke."

Zipo rimoti za kugeuza kurasa. Kuna vibanio vya kubandika pembeni mwa kioo, na Kobo, watengenezaji wengine wa vifaa kama hivyo, wametoa rimoti yao inayotumia Bluetooth. Ni vitu vizuri, ila nayo rimoti inataka kidole. Kwa mtu wa hali ya shangazi, mkombozi ni sauti: kifaa kisome, yeye asikilize. Na hapo ndipo hasira yangu ilipo, kwa sababu sauti ipo, na kuna watu wameifunga kwa makusudi.

Habari hii si ya leo. Februari 2009 Amazon walitoa Kindle ya pili ikiwa na uwezo wa kusoma kitabu chochote kwa sauti. Chama cha waandishi cha Marekani, Authors Guild, kikalalamika kwamba hiyo ni haki nyingine inayopaswa kulipiwa. Kabla mwezi haujaisha Amazon wakarudi nyuma, wakampa mwenye haki mamlaka ya kuizima sauti kitabu kwa kitabu. Aprili ileile wasioona na watu wenye ulemavu mwingine waliandamana New York, mbele ya ofisi za chama hicho. Walikuwa tayari kununua vitabu kwa pesa zao, bei ileile ya kila mtu. Kisha 2012 ikaja Kindle Paperwhite isiyo na spika kabisa. Sauti ikaja kurudi 2016 kwa njia ya Bluetooth.

Sasa nasi tumerithi ugomvi huo. Riwaya ya Kiswahili niliyomnunulia shangazi kwenye simu ilikataa kusomwa kwa sauti, mchapishaji ameizuia. Hakuna hata toleo lake la kusikiliza ambalo angesema analilinda. Analinda nini, basi? Mkataba wa Marrakesh wa 2013, wa kimataifa, unaolegeza hakimiliki ili wasioweza kusoma chapa ya kawaida wapate vitabu, unamtaja wazi asiyeona, mwenye uoni hafifu, na pia yule ambaye ulemavu wa mwili unamzuia kushika kitabu. Shangazi yumo. Wamo pia ndugu zetu wenye ualbino, ambao wengi wao macho yao hayaoni vizuri, na huku Kanda ya Ziwa tunaishi nao nyumba kwa nyumba. Tanzania imejiunga na mkataba huo. Mchapishaji wa Kitanzania anayezima sauti anawafungia mlango watu ambao nchi yake imekubali kuwafungulia.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba msomaji binadamu aliyelipwa vizuri ataisoma riwaya vizuri zaidi kuliko mashine yoyote. Tumekulia kwenye redio, tunaijua sauti inayoweza kumkalisha mtu mpaka chai ipoe. Mlipeni msomaji huyo, nitanunua. Mpaka siku hiyo ifike, acheni mashine isome.

Wala msiniambie mashine haiwezi Kiswahili. Kiswahili hutamkwa kilivyoandikwa, na mkazo karibu siku zote uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Simu nyingi za Android zina sauti ya Kiswahili. Ni kuingia kwenye mipangilio na kuichagua, maana ukiacha ya Kiingereza, "ng'ombe" atatoka mnyama asiyejulikana. Ugumu mwingine ni vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa vikaitwa PDF. Mashine inaona picha, haioni maneno. Wachapishaji, hilo nalo ni lenu.

Na wasio wagonjwa? Nendeni soko la Mwaloni, Kirumba, mkawaone akina mama wanaochambua dagaa. Mikono yote miwili imo kazini tangu asubuhi, imejaa magamba, na masikio yako huru. Nani ana haki ya kumwambia mama yule kwamba riwaya aliyoisikia mpaka mwisho hakuisoma?

Kabla hujalipia kitabu cha kielektroniki, tazama kwenye maelezo yake kama kinaruhusu kusomwa kwa sauti. Kama kimezuiwa, mwandikie mchapishaji umweleze kwa nini hununui. Wangu nimeshamwandikia, nikamtajia shangazi na mkono wake. Hajanijibu, na nitamwandikia tena.