Lenzi ya Mpirani Kichochoroni Kiponda

Mjomba wangu ana nyumba ndogo ya wageni Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja. Mlango wake wa mbele ni wa kuchongwa, wenye njumu za shaba, fahari ya ukoo mzima, na alitaka picha yake aitundike ukumbini. Nikamwambia vichochoro vinataka lenzi pana, yenye milimita chache, ile yangu ya milimita 18 hadi 55 inatosha na chenji inabaki. Akanikata kauli kwenye simu: "Mwanangu, mji huu uko UNESCO tangu 2000, hatuupigi kwa kilenzi cha kidole. Njoo na ile ndefu ya wapiga picha wa mpirani."

Mjomba huchagua lenzi kama anayechagua muhogo sokoni.

Basi nikaenda Kariakoo kukodi ya milimita 70 hadi 200, dude la kilo moja na nusu hivi. Mwenye duka akataka rahani. Cha maana nilichokuwa nacho ni kile kilenzi changu. Akakifungia kabatini, mimi nikapanda boti.

Sasa, kamera yangu ina sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kwa hiyo milimita 70 zinabana picha kama 105 za kamera yenye sensa kubwa. Mlango wa mita tatu ukitaka uingie wote, hata ukiisimamisha kamera wima, lazima urudi nyuma karibu mita tisa. Na kichochoro cha mjomba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Picha ya kwanza ikatoka njumu tatu. Nzuri, zinang'aa, unaona mpaka mikwaruzo ya kitambaa cha kusugulia.

Mjomba akachungulia kioo cha kamera. "Mlango uko wapi?"

"Ndio huu, mjomba."

"Rudi nyuma!"

Nyuma palikuwa na mlango wa jirani, uko wazi. Nikapiga hodi huku nimeupa mgongo, jicho kwenye kamera, nikaanza kuingia kinyumenyume. Nikavuka kizingiti, nikapita daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni. Kwenye kamera mlango ukawa unaongezeka kidogo kidogo: komeo, mfaa wa kati, mbao za pembeni.

"Bado maua ya juu!" Mjomba anapiga kelele huko nje.

"Loo! Mgeni gani huyu anatanguliza makalio?" Sauti ya bibi, nyuma yangu.

"Shikamoo bibi," nikasema bila kugeuka, maana maua ya juu ndiyo kwanza yanaingia.

"Marahaba, mwanangu, lakini angalia hapo ny—"

Nikakalia beseni la unga wa maandazi. Ulikuwa umeumuka vizuri, laini, una kivuguvugu, ukanipokea wote. Kidole nacho kikabonyeza. Picha niliyopata ni ya dari ya bibi: boriti za mkoko, zimetoka kali, hazina ukungu hata kidogo.

Bibi hakugomba. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanipa kanga nijistiri, suruali ikaingia kwenye ndoo. Nikarudi kichochoroni na kanga kiunoni na lenzi ya mpirani shingoni, na ndipo kundi la watalii likapita. Mmoja akaniomba ruhusa kwa ishara, akasimama dakani kwa bibi na simu yake. Lenzi kuu za simu nyingi za siku hizi huona upana wa milimita 24 hadi 26 hivi, kwa kipimo kile kile cha zile 105 zangu. Akachukua mlango mzima, toka kizingiti mpaka maua ya juu, na mimi pembeni.

Lenzi yenyewe siisemi vibaya. Jioni ile Forodhani niliielekeza baharini, nikavuta mpaka 200, na jahazi lililokuwa mbali likajaa kwenye picha, tanga na viraka vyake. Lakini mjomba hakuwa anauza jahazi.

Alimng'ang'ania yule mtalii mpaka akamtumia picha. Ndiyo iliyopo ukumbini leo, kwenye fremu ya dhahabu. Mlango wote upo. Nami nipo, na kanga inasomeka vizuri: "Hasidi hana sababu." Wageni huuliza kama mimi ndiye fundi aliyeuchonga.

Malipo yangu yalikuja pungufu, mjomba alikata fidia ya unga. Bibi alidai kilo mbili. Mimi niliyeukalia nasema haukufika hata kilo moja na nusu.