Kabla hujaandika kwamba mama hana ushirikiano

"Mama hana ushirikiano." Ukizoea kupekua majalada ya ustawi wa jamii, sentensi hii utakutana nayo mara kwa mara, imeandikwa kwa uhakika kama kipimo cha homa. Lakini afisa aliona nini hasa? Pengine aliona mwanamke aliyejibu maswali akiwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga, asimkaribishe mgeni ndani. Kwenye nyumba ya kupanga yenye uani mmoja, kila mpangaji anasikia. Ukimhoji mama pale kuhusu mtoto wake, umemwanika mbele ya majirani. Huenda jibu la mkato ndilo stara pekee aliyobakiwa nayo.

Sentensi ile haiishii kwenye jalada. Shauri la matunzo likifika mahakamani, hakimu anaweza kuagiza taarifa ya uchunguzi wa kijamii, na anayeiandaa ni afisa ustawi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka maslahi bora ya mtoto yatangulie. Yatatanguliaje, ikiwa kilichoandikwa ni kuudhika kwa afisa?

Kwa hiyo nashikilia kwamba kujitambua ni kazi yenyewe, si nyongeza. Aliyelelewa kwa fimbo akafanikiwa anaweza kuzipita alama mgongoni mwa mtoto bila kushtuka. Aliyekulia kwenye nyumba yenye dada wa kazi anaweza kuona uzembe pale binti mdogo anapombeba mdogo wake. Wote wawili wamefundishwa maadili ya taaluma, ila hakuna aliyewauliza wanatazama kutoka wapi.

Swali hilo linahitaji msimamizi, na hapa ndipo ninapoumia. Usimamizi katika ofisi zetu nyingi umekuwa kuulizana idadi: mashauri mangapi yamefunguliwa, mangapi yamefungwa. Mmarekani Donald Schön, mwanazuoni aliyechunguza jinsi wataalamu wanavyofikiri kazini, katika maandishi yake ya mwaka 1983, alitofautisha tafakuri ya katikati ya kazi na ile ya baada ya kazi. Ya kwanza tunaifanya juujuu, bodaboda inasubiri nje. Ya pili hatujaitengea muda kabisa.

Najua maafisa ni wachache na maeneo ni makubwa. Hata hivyo, saa moja kwa wiki, jalada moja likiwa wazi mezani, msimamizi akiuliza "hapa uliona nini, na hapa ulihisi nini?", inawezekana hata wilayani. Wakurugenzi wa halmashauri wanaodai ripoti za robo mwaka wadai na kumbukumbu za vikao hivyo.