Ndege wa Kilo Tatu Kanikalia Pajani

Nyie mliokwishaiona ile video yangu na pengwini, shusheni kwanza simu. Rafiki yangu kakata mwanzo wote, halafu anawaambia eti nilimchokoza ndege. Nimchokoze na nini? Huku Visiwa vya Falkland, kusini mwa Atlantiki, mnyama unamkalia mbali, mita 6. Nilikaa mita zangu 6, juu ya jiwe nililoonyeshwa, kwa adabu zote za bwana harusi.

Ila pengwini hajasomewa hiyo sheria.

Huyu wanamwita mruka-miamba. Anakufika gotini, uzito kama kilo 3, macho mekundu, na kila upande wa kichwa vishungi vya njano vimechomoka. Hatembei kwa kuyumbayumba; anapanda jabali kwa kurukaruka, miguu yote miwili kwa pamoja. Desemba baba anabaki kumlinda kifaranga huku anashinda njaa, mama ndiye anayekwenda baharini na kurudi na tumbo la uduvi na ngisi.

Basi mama mmoja katoka majini. Ruka. Ruka. Mwongozaji ananong'ona, "Usijitikise." Sijitikisi. Kafika kwenye kiatu, kavuta kamba, kaiachia. Kaniangalia kwa jicho moja. Kisha, hop, pajani! Jitu zima la kilo tisini nimeganda, nafungua mdomo kumwambia rafiki yangu apige picha.

Naomba mzingatie: mdomo ulikuwa wazi.

Akanigeuzia mgongo. Akainama mbele, taratibu. Mkia ukapanda.

(Wapo wanasayansi waliokokotoa nguvu ya choo cha pengwini wa aina nyingine, mwaka 2003, wakapewa tuzo ya vichekesho ya Ig Nobel 2005. Walisema kinaruka hadi sentimita 40. Uso wangu haukuwa mbali hivyo.)

Kilikuja cha rangi ya waridi, kwa ajili ya uduvi. Cha moto. Chenye chumvi. Msiniulize nimejuaje.

Yeye kajikung'uta, kashuka, kaenda kumcheulia mwanawe chakula. Na ndege mwenyewe hutaga mayai mawili, la kwanza dogo, na kwa kawaida analea la pili tu. Mtu wa roho hiyo ningemtegemea huruma gani?

Nimeoga, nimefua, koti bado limefukuzwa chumbani. Kesho meli yetu, ninayofanyia kazi jikoni, inatia nanga kisiwa kingine, mpishi mkuu anauliza nani atashuka. Mimi nina vitunguu vya kumenya.