Askari mlangoni na karatasi ya mahakama

Cherehani ya fundi ilitolewa nje kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Nilikuwa barazani kwa jirani, nikawaona vijana wa dalali wa mahakama, yule anayekamata mali ya mdaiwa kwa amri ya mahakama, wakiipandisha kwenye pikapu pamoja na makochi. Askari wawili walikuwepo. Fundi alipowalilia kwamba hiyo ndiyo kazi yake, mmoja akamjibu: “Sisi tumekuja kulinda amani, baba. Habari ya mali muulize dalali.”

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania, Sura ya 33, inakataza zana za fundi kukamatwa katika kukazia hukumu, yaani kuitekeleza. Imekinga pia nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na kwa mkulima zana zake na mbegu. Imekataza hata kuingia nyumba ya mtu jua likishazama au kabla halijachomoza. Naamini askari yule hakuwa na roho mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Basi polisi wafundishwe mambo ya hati za madai na ukamataji wa mali? Wanaokataa wana hoja nzito, na mimi mwenyewe inanisumbua. Vituoni kwetu deni la kawaida hugeuzwa jinai kirahisi. Mtu anawekwa mahabusu mpaka ndugu walipe. Ukimpa askari elimu ya madai, wanasema, umempa sababu nyingine ya kuingilia ugomvi wa fedha usiomhusu. Tena madalali wa mahakama, kwa kanuni za mwaka 2017, wanapitia mafunzo ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Kwa nini kazi moja ifundishwe watu wawili?

Kwa sababu pale mlangoni wawili hao hawako sawa. Dalali analipwa ujira kutokana na kazi ya kukamata na kuuza. Askari hana anachopata mali ikiuzwa au isipouzwa. Na mwenye nyumba anafungua mlango kwa kuogopa sare, hata kama hati yenyewe hajaisoma. Sare hiyo ikisimama bila kujua kilichoandikwa, imeshaegemea upande mmoja.

Marekani, katika majimbo mengi, sherifu wa kaunti, ofisa wa usalama wa eneo, hupeleka hati na kukamata mali, kwa hiyo elimu hiyo ni sehemu ya kazi yake. Kwetu askari ni msindikizaji, na mtaala wa kule haumfai. Anachohitaji ni kuisoma hati: mahakama gani, shauri namba ngapi, jina la nani, kiasi gani, muda wake umekwisha au bado. Ajue mali isiyoguswa. Na afundishwe mipaka yake kwa mkazo uleule: haamui nani anadaiwa, hapangi malipo, hapokei hata shilingi. Akiona cherehani inabebwa, amwoneshe dalali kifungu, na dalali aking'ang'ania, aandike alichokiona ili hakimu akipate. Mafunzo yasiyo na sehemu hiyo ya mipaka ningeyapinga pamoja na wanaopinga.

Cherehani ya fundi ilirudi baada ya wiki tatu, kwa amri ya mahakama. Ilikuwa Januari. Sare za shule alizokuwa amepokea kushona, wenyewe walishazichukua wakapeleka kwa fundi mwingine.