Msaada wa maendeleo: nani huchagua mahali?

Ukanda huu wetu wa magharibi mwa Kenya umefanyiwa utafiti wa misaada hadi watu wamezoea. Busia ndiko wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walikopima faida ya dawa za minyoo katika shule 75, kuanzia 1998. Siaya, vijiji 653 viliingia katika utafiti wa fedha taslimu, na kaya maskini za vijiji vilivyobahatika zikapokea takriban dola 1,000 kila moja. Matokeo yake yamejadiliwa sana. Linalosahaulika ni kwamba kote kuwili, orodha ya watakaotangulia haikupitia mikononi mwa mwanasiasa. Busia, majina ya shule yalipangwa kwa alfabeti, kisha yakagawanywa kwa zamu katika makundi matatu.

Barabara, umeme na maji ya bomba havigawanywi hivyo, na pesa nyingi ziko huko. Ndiyo maana utafiti wa mwanasayansi wa siasa Ryan Jablonski, uliochapishwa 2014, unastahili kusomwa Kisumu na Nakuru kuliko unavyosomwa. Alichukua miradi ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika nchini Kenya kati ya 1992 na 2010, akaiweka kwenye ramani ya maeneobunge, kisha akailinganisha na kura za urais. Maeneo yaliyompigia kura aliye madarakani yalipata zaidi ya fungu lao.

Hilo halimshangazi mtu wa Kondele, mtaa wa Kisumu. Kinachohitaji maelezo ni njia yenyewe, kwa sababu mfadhili ana masharti, wakaguzi na makaratasi kibao. Mfadhili hukubaliana na serikali kuhusu sekta na kiasi. Wizara ndiyo huleta orodha ya maeneo. Ofisa wa mfadhili naye hupimwa kwa pesa zilizotoka kwa wakati. Akianza kubishana kuhusu orodha, mradi unachelewa na lawama ni zake. (Isitoshe, mwingi wa huo tunaouita msaada ni mkopo wa masharti nafuu, tutaulipa sote, aliyepata lami na aliyekosa.)

Tusiupe utafiti huu maneno ambayo haukusema. Haukusema kwamba miradi hiyo ilikuwa mibovu. Lami iliyofuata kura bado hupitisha mgonjwa kwenda hospitali.

Ila takwimu zake zinaishia 2010, mwaka wa katiba mpya. Baada ya hapo ugatuzi ukaingia, na uchaguzi wa mahali sasa unafanyika pia ndani ya kaunti. Kisumu ina wadi 35, Nakuru 55. Kwa maoni yangu, kazi ile ile ifanywe upya kwa wadi, na wanafunzi wa vyuo vyetu wanaiweza wakiepuka mitego kadhaa. Kwanza, pesa zilizoahidiwa si pesa zilizotoka, tumia zilizotoka. Pili, anwani: mradi wenye ofisi mjini Kisumu huhesabiwa kuwa wa mjini hata kama visima vyake viko mashambani Nyakach, na kosa hilo hufanya miji ionekane imependelewa kuliko ilivyo. Mtego mbaya zaidi ni mipaka. Maeneobunge yalikuwa 188 katika uchaguzi wa 1992, yakawa 210 mwaka wa 1997, na 290 mwaka wa 2013. Jina moja katika miaka miwili tofauti huenda lisiwe eneo moja, kwa hiyo linganisha ramani kabla ya kulinganisha kura.

Orodha za maeneo zinapatikana. Hati za miradi ya Benki ya Dunia ziko wazi mtandaoni, ingawa hati ya mwanzo mara nyingi hutaja kaunti tu. Kwa yanayobaki, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, halitozwi ada isipokuwa gharama ya nakala, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Usiombe "habari kuhusu mradi"; utajibiwa kwa brosha. Omba orodha ya maeneo ilivyokuwa mradi ulipoidhinishwa, orodha ya sasa, tarehe ya kila badiliko na vigezo vilivyotumika. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman) ndani ya siku 30, pamoja na nakala ya ombi lenye muhuri wa kupokelewa.